Ndiye

"Sasa wewe ndiye fundi," Dorka Adongo alisema,
akaivuta ile "ndiye" kama uzi usiotaka kukatika,
akalipa bila kuomba nipunguze hata shilingi kumi.
Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi.

Maana huyu ndiye aliyemwambia kijana wa maji,
mifereji ikiwa mikavu siku ya nne,
"Mungu akuzidishie kazi, baba."
Kijana akaitikia, "Amina."
Kibuye nzima ikaangua kicheko
hadi wauza omena wakasahau kufukuza nzi.

Lakini ndiye pia aliyemwambia mama yangu wodini,
"Leo umependeza,"
na mama, mifupa mitupu,
akapendeza kweli, mchana kutwa.

Usiku niliifumua kauli yake,
nikaigeuza nje-ndani,
nikapapasa pindo zima kidole kwa kidole
nikitafuta sindano iliyosahaulika humo.
Au iliyoachwa.

Jumapili nilimwona akitoka kanisani,
gauni langu mwilini,
na juu ya gauni, sweta,
jua la Kisumu likiyeyusha lami.
Akaniona. Akainua mkono.
Ama alinipungia,
ama ni nzi.