Dalili

Jumanne, saa nne asubuhi, Leeuwarden.
Mvua ya upepo inachapa kioo kisichofunguka.
Sjoerd Hettinga anamenya chungwa
kwa kucha, maana kisu hakiruhusiwi,
na ganda linatoka zima, bila kukatika.

Wanawake watano. Mfereji mmoja.
Huwataja kama mtu asomaye risiti.

Miaka sita nimechimba: baba mlevi,
banda la kuku, komeo la nje.
Yote kweli. Lakini dada yake naye
alifungiwa humo humo,
na leo ni mkunga kule Zwolle.

Mwaka jana aliniuliza, "Daktari,
nikipona nitajuaje?"
Nami, ulimi hauna mfupa, nikamjibu:
"Utakosa usingizi."

Usiku wa kuamkia leo kagonga mlango.
Muuguzi Wiebrig kaandika: mgonjwa halali,
analia, anataja majina, anaomba kidonge.

Namtazama macho. Mekundu.
Lakini hata kitunguu hufanya hivyo.
Je, dawa imeingia,
au huyu ni mwanafunzi hodari tu,
ananirudishia jibu nililomfundisha mwenyewe?

Nikimpa kidonge nitazima
kitu pekee nilichowahi kuwasha ndani yake.
Nisipompa, basi mimi ni nani,
niketiye na kalamu mkononi
nikimtazama mtu akiteseka
ili nijue itakuwaje?

Ananinyoshea kipande cha chungwa.
Nakipokea.
Kinapata joto kiganjani. Sijakila.