Akiba Huoza

Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kuweka harusi ya dada yao kwenye flashi
iliyofuliwa mfukoni mwa suruali ya Mutinda:
Omo, maji ya moto, kamba, jua la Donholm.
Ilikauka vizuri. Haikufunguka.

Ndipo nikasema, tununue sanduku.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na chaja saba.
Ndanu ana simu ya tofaa lililomegwa,
aliyoachiwa na shangazi yake, kioo kimepasuka kama ramani ya mito.
Kioko ana kompyuta ya Windows inayovuma kama kinu cha unga.
Televisheni haielewani na mtu.
Mutinda ana Tecno iliyojaa;
kila asubuhi inamuuliza afute nini,
naye kila asubuhi huanza na picha yangu
kwa sababu, asema, wewe si upo.
Picha ikitoka kwa Ndanu kwenda kwa Kioko
hupitia WhatsApp, hufika imekonda,
nyuso zimekuwa uji.

Luthuli, ghorofa ya pili, juu ya wauza spika,
kijana aitwaye Guyo
alitupitisha kwenye masanduku kama muuza majeneza:
hili la diski nne, hili la mbili, hili la moja.
Nikauliza, la nne lina nini zaidi?
Akasema, lina fahari.
Nikacheka, nikamwamini.
"Mama, hesabu watu wako, usihesabu matundu.
Ruta si ni moja? Basi hili halibagui kabila.
Kila simu itabisha hodi kwa lugha yake
nalo litaitika."

La diski moja lilikuwa nusu ya bei.
Mutinda alilipapasa kama mbuzi wa Krismasi.
"Na hiyo moja ikifa?"
Guyo akatazama dari.
Rahisi, nikamwambia mume wangu, hulipiwa mara mbili.

Tukachukua la mbili. Na diski mpya,
si zile za mtumba
zilizochoka Ulaya zikaja kufia kwetu.
Tukavutana: akashusha elfu mbili,
nikaongeza tabasamu.
Nimeshafunga mkoba, akasema,
na hili sikulitaka:
"Hizo ni pacha, mama, si bima.
Stima ikipiga, inazipiga pamoja.
Mwizi hachukui moja akakuachia nyingine.
Nakala moja ikalale nyumba nyingine."

Nyumba nyingine.
Nikamfikiria Mbinya, dada yangu, kule Kitui,
mwenye ile harusi,
ambaye bwana aliondoka kabla flashi haijafuliwa,
na ambaye hajawahi kuniuliza picha ziko wapi.
Bado sijampigia.

Sasa liko juu ya kabati, kando ya ruta,
mbali na mvuke wa sufuria.
Usiku husaga kidogo,
kama mtu atafunaye njugu hataki kusikika.
Kioko alijaza robo yake kwa michezo, tukagombana.
Ndanu amejitengea chumba humo ndani, amekifunga kwa nywila,
na mimi, niliyemzaa, nimebaki mlangoni.
Mutinda ameacha kufuta.
Hulala chali na Tecno yake akipitia nyuso za watu,
na jana alinigeuzia kioo:
mimi, mwaka wetu wa kwanza, foleni ya maji,
ndoo ya manjano, nimelikunjia jua uso.
Hii umeitoa wapi?
"Dada aliipiga. Ilikuwa kwa Ndanu siku zote."

Nikataka kuikuza nione nilikuwa nimevaa nini.
Stima zikapotea hapo hapo.
Picha ikabaki nusu, kiduara kikizunguka juu ya ndoo.
Tukasikiliza gizani
diski zikinyamaza,
kwanza moja,
halafu ya pili.