Breki ya Mkono

Aprili, Kuhmo. Theluji imebaki viraka
upande wa ghala usioonana na jua,
nami nimelala chali juu ya kadibodi
chini ya Toyota ya baba,
brashi ya waya mkononi, kutu ikininyeshea
machoni, puani, ndani ya kola.

Wasemao ng'ombe hazeeki maini
hawajalala hapa.
Chumvi ya barabara ni mchwa wa vyuma:
majira thelathini na saba ya baridi imetafuna kimyakimya,
kuanzia pembeni, kama mama, Mungu amrehemu,
alivyokula mkate mkavu.
Nagonga kwa mpini wa bisibisi.
Panapoitika, nasonga mbele.
Panaponyamaza, nachora duara kwa chaki.

"Raili! Unaona nini huko?"
Baba amekalia ndoo aliyoipindua, kikombe cha kahawa gotini.
"Tundu moja," nasema. "Kama sarafu."
Ni matatu. Moja linapitisha ngumi.

Nikachomelea yote matatu.
Nikabadilisha pedi za mbele, wipa, balbu ya kushoto,
nikasugua taa hadi zikarudisha mboni.
Yeye ndani, mguu kwenye pedali, mimi nyuma:
"Kanyaga!"
"Nimekanyaga!"
na ukuta wa ghala ukaona haya, ukaiva,
ukapoa, ukaiva tena.
Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi.

Ila Februari aligonga sanduku la barua la Pirkko
akasema theluji ndiyo iliyolisogeza.
Ila Novemba alitoka kununua hamira, mwendo wa dakika kumi,
akarudi baada ya saa tatu, tangi tupu,
hamira hana,
akasema barabara wameihamisha.

Kaka yangu Ahti akapiga simu kutoka Oulu.
Yuko mbali, kwa hiyo ana busara:
"Acha gari lifeli. Kwa nini tumnyang'anye ufunguo sisi,
na mashine ipo ya kumwambia?"

Basi usiku wa mwisho, waya wa breki ya mkono
nikaulegeza. Nati moja. Mizunguko minne.
Nikafuta spana, nikaitundika msumarini,
nikanawa mara mbili kwa sabuni ya lami,
na bado mikono ikanuka.

Kituo cha ukaguzi, saa mbili na robo asubuhi.
Mkaguzi ni kijana, hereni sikioni, anaitwa Veikka;
alipozaliwa, gari hili lilikuwa limekwisha kuzeeka.
Akalitikisa, akalichungulia tumboni kwa tochi,
akalitia kifaa kwenye eksozi
kama daktari na kipimajoto.
Akalipandisha kwenye roli zinazozunguka.
Akavuta ule wenzo.
Nikatazama sakafu.

Magurudumu ya nyuma yakakwama, yote mawili, papo hapo.
"Breki ya mkono," akasema Veikka, akiandika,
"imekaza kuliko ya gari langu."

Nikamgeukia baba.
Alikuwa akisoma tangazo la matairi ukutani, kofia mkononi,
na chini ya kucha zake, nyeusi, mbichi,
grisi.

Aliamka saa ngapi? Alijilazaje,
kwa nyonga ile, juu ya kadibodi yangu?
Sikuuliza. Hakusema.
Tukapewa karatasi yenye muhuri, mwaka mzima.

Nje akalizunguka gari lake mara moja,
akapapasa boneti kama shavu la farasi,
kisha akaniwekea ufunguo kiganjani.
"Gari halina kasoro," akasema. "Endesha wewe."

Njia nzima hatukuzungumza.
Ila kila kona, kabla yangu kidogo,
mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia
mahali pasipo na pedali.