Kifutio

Mara ya saba tangu Jumatatu.
Niko kwenye hesabu za duka, Marikiti:
iliki, bizari, deni la Bi Mwanajabu,
ghafla laptopu inageuka buluu
na kunichorea uso wa huzuni,
kana kwamba msiba ni wake.

Nimebadili feni. Nimefuta programu.
Nimelaumu stima,
kisha nikamlaumu Fuad na michezo yake ya mpira;
akaapa, nikamkatiza kiapo.

Kibokoni, ghorofa ya pili, fundi Swabra
hakusema mengi. Skrubu kumi na moja
kwenye kisahani cha kahawa,
akachomoa kijibao cha kumbukumbu,
akakielekeza kwenye mwanga.
"Waona? Kutu. Nyumba yako yapakana na bahari?"
Mombasa hii, nani hapakani nayo?

Akatwaa kifutio cha mtoto wa shule,
akayasugua yale meno madogo ya dhahabu
taratibu, kama amfutaye mwana kamasi.
"Mia tatu."

Siku ya tisa leo, sijaona buluu
ila ile ya dirishani,
na chumvi yake, isiyo na haraka.
Fuad bado anakula chumbani kwake.
Kifutio nimenunua.
Sijui nianze kusugua wapi.