Gari la Pili

Kwanza aliniuliza gari langu lina uzito gani.
Tani mbili kasoro, nikasema, likiwa tupu,
ila mimi sijawahi kuliendesha tupu.
Tia chanjo za mbuzi ndani ya sanduku la barafu,
tia mapipa mawili ya mafuta, jiko, mablanketi,
tia na bibi wa ng'ambo ya mto, ambaye kila nikipita
anasimama njiani na magunia yake ya jibini kavu
kana kwamba tuliahidiana.

Akabofya kikokotoo chenye ufa.
"Tani tatu. Basi shakeli hizi si zako."
Akazirudisha kwenye ndoo, chuma kikalia juu ya chuma.

Soko la Narantuul, kontena la sita kutoka langoni,
Machi ingali inauma masikio.
Jina lake Battsooj. Kidole chake cha shahada
kinaishia kwenye kifundo cha kwanza.
Sikumwuliza; alinieleza mwenyewe:
waya wa winchi, bila glavu, mwaka wa theluji kubwa.
"Waya nauza," alisema, "lakini si kwa mtu anayenisikiliza.
Ukilazimika, tandaza koti zito juu yake,
na watu wakae mbali, mbali kuliko wanavyotaka.
Na usifunge kitu kwenye kirungu cha tela.
Kikichomoka, kile ni risasi."

Nikakanyaga kibao cha plastiki, rangi ya chungwa,
meno kama ya kitana. Kizuri.
"Januari kitapasuka," akasema, naye ndiye mwuzaji.
Nikachukua mabati ya jeshi yenye matundu,
mazito, mabaya, yananuka ghala.

Nikachukua kipima upepo cha shaba.
Nusu ya waliokwama, kwa mujibu wa Battsooj,
walikwama kwa upepo mwingi.

Nikachagua sepetu la mpini mrefu,
lifike tumboni mwa gari bila mimi kulala topeni.
Kaka yangu Gantulga alipenda mpini mfupi.
Kaka yangu ana mikono mirefu.

Halafu kamba.
Nyeupe, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, mita tisa.
Haivuti kwa pupa: hunyumbuka, hukusanya nguvu,
kisha hukung'oa polepole kama jino la utotoni.
Bei yake kondoo wawili.
Niliishika muda mrefu.
"Mwisho wa huku nafunga wapi?"
"Kwenye gari la pili," akasema.

Lilikuwepo.
Miaka saba, taa mbili nyuma yangu kwenye vumbi,
na honi yake ya kunikejeli kila nilipozama.
Gantulga aliliuza amlipe wakala;
sasa anaunganisha majokofu Korea,
hutuma picha za chakula.
Zamani tulikuwa tukikwamuana.
Siku hizi natafuta vitu vya kujikwamua.

Nikalipa bila kamba, nikatoka.

Nilipokuwa nasukuma mabati chini ya kiti
nikawakumbuka wale wa kwenye bwawa la chumvi, Oktoba:
Prius ya kijivu, tope hadi milangoni,
baba amevaa viatu vya harusini,
mtoto amelala ndani hana habari.
Kamba yangu ilikuwa ya kufungia ngamia.
Ilikatika mara mbili. Mara ya tatu
hatukuwa na kipande kirefu cha kujaribu.
Tulikaa mpaka mwezi ukatoka, tukila jibini la bibi,
hakuna aliyelaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikarudi.
Battsooj alikuwa ameshaitundika kamba msumarini.
"Umepata gari la pili?"
"Ninalo," nikasema. "Liko nje, limeziba njia yako."

Alichungulia, akalitazama lile gari langu la umbo la mkate,
kioo kimoja cha pembeni kimefungwa kwa bendeji ya mifugo,
akaguna,
akapunguza bei:
kondoo mmoja na paja.