Mbuzi Hajafungwa

Damu tuliichemsha: rosela, sukari, unga wa muhogo kidogo
ili ishike shati, isichuruzike kama juisi ya harusini.
Ukungu ulikuwa majivu
ndani ya bomba la salfa la baba yake Somoe,
tulirudishe kabla mikorosho haijachanua.
Kamera ni simu yangu, kioo kimepasuka pembeni,
nayo nimeifunga kwa mpira juu ya toroli la muuza maji.
Bajeti nzima elfu themanini na tatu,
na wali maharage wa mkopo.

Hadithi aliandika Fakihi.
Marafiki watatu wamepanda mshikaki,
barabara ya Kitangari, usiku.
Mtu anagongwa. Bado anapumua.
Kushoto ni njia ya hospitali.
Kulia korongo, na Ruvuma kule chini
imelala kama isiyoulizwa kitu.
Watatu wanatazamana.
Ndiyo filamu yote: kutazamana.

Mfaume alilala barabarani mara kumi na moja,
siafu wakimla shingo, hatikisiki.
Kila mara Fakihi: "Bado. Hakufa hivyo."
Kisha akainama, akamfundisha neno la mwisho:
"Mwambieni mama, mbuzi hajafungwa."
Tulicheka. Mtu anakata roho, anawaza mbuzi?
Nikamwuliza, umelitoa wapi hilo?
"Kichwani," akasema, akaenda kukojoa,
akakaa huko
mpaka betri ikafika asilimia tisa.

Tukaionyesha Newala, banda la Chitanda, Ijumaa,
wakubwa mia tano, watoto mia mbili,
shuka la Somoe ukutani, bado lina mkunjo wa sanduku.
Pikipiki ilipogonga, watoto walipiga makofi.
Mfaume akasema neno lake.

Bi Esha Nalinga akasimama, benchi la nyuma,
kanga yake ina madoa ya mabibo.
Hakupiga kelele.
"Kamba ilikatika jioni ile," alisema,
"nikamtuma mwanangu dukani akanunue nyingine.
Nyie nani kawaambia?"

Chitanda hakujua kibonyezo cha kusimamisha.
Filamu ikaendelea: watatu wanatazamana
kwenye shuka, na juu ya uso wa Bi Esha,
maana alikuwa ameshasogea mbele, mwanga unampiga.
Nikamtazama Fakihi. Mfaume akamtazama Fakihi.
Fakihi alitazama viganja vyake.
Somoe peke yake hakumtazama mtu.

Mwisho wa filamu hatukukubaliana,
tukapiga miisho mitatu.
Fakihi ndiye aliyechagua huu:
mmoja anarudi alfajiri, peke yake,
anakuta barabara imeshafagiliwa.

Dakika arobaini na mbili. Jenereta inakohoa.
Hakuna aliyeinuka kudai chenji.
Mfukoni mwangu kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha,
ina sauti yake mara kumi na moja: hakufa hivyo, hakufa hivyo.
Mlango wa banda ni mmoja.
Ukitoka, kushoto ni kituo cha polisi.
Kulia ni kwetu.