Aina ya Zabibu

Fomu imekuja kutoka Mtwara mjini
imekunjwa mara nne mfukoni mwa dereva wa bodaboda.
Hoteli inataka chupa arobaini za mvinyo wetu,
ila kwanza tujaze nafasi zilizo wazi.
Aina ya zabibu, inauliza,
halafu nukta, nukta, nukta, mpaka ukingoni mwa karatasi.

Akwilina anacheka hadi anaweka kisu chini.
Hapa Kitangari zabibu tumeziona kwenye boksi la juisi.
Sisi tuna mabibo.

Basi nawaandikia mabibo:
mekundu ya shamba la Nantepe,
madogo, yamebana kama ngumi ya mtoto aliyeficha pipi,
ukakasi wake unaukamata ulimi na kuuliza unakwenda wapi.
Ya njano ya bondeni, manene, maji na sukari tu,
yakianguka hupasuka, na nyuki hufika kabla yetu.
Na yale ya mkorosho wa nyuma ya zahanati,
harufu ya nanasi lililosahauliwa kabatini.
Hayo hatuchanganyi na mengine.

Korosho inakwenda ghalani, inapimwa, inaandikiwa stakabadhi.
Bibo linabaki chini ya mti.
Miaka yote lilikuwa la mbuzi na nzi,
na la mama yangu, usiku:
pipa, mrija wa shaba, moto mdogo nyuma ya choo.
Nipa ya mama ilinisomesha mpaka darasa la saba,
ikamlaza mahabusu Newala siku tatu.
Aliporudi aliomba maji,
kisha akauliza kama pipa wamelichukua.

Sisi hatukeneki. Tunakamua,
tunachuja kwa chandarua kipya,
tunatia uji mwepesi wa muhogo
nao unashuka polepole, umeubeba ukakasi mgongoni,
mpaka chini ya ndoo.
Hamira. Sukari.
Siku ishirini na moja tunasikiliza vifuniko vikipumua.

Anayeamua ni Somoe binti Chitanda.
Swala tano, na tone halijagusa mdomo wake.
Walipomsema, alijibu yeye huchuma mabibo;
yanayotokea ndani ya ndoo hakuyatuma.
Lakini ananusa. Anafumba macho:
"Hii bado ina hasira."
Au: "Hii imeshakuwa siki, wapeni wapika achari."
Au hasemi kitu, anarudisha kifuniko tu,
na hapo tunajua ndiyo yenyewe.
Pua isiyolewa haidanganyi, asema Akwilina,
ambaye huonja kwa niaba yetu sote, mara mbili.

Vyakula vinavyofaa, fomu inaendelea.
Mekundu: ming'oko ya kuchemsha, ingali na mvuke,
chumvi na pilipili ya kusaga,
uimenye kwa mkono, uungue kidogo.
Ya njano: pweza wa Mikindani, kama una nauli;
kama huna, mbaazi za nazi zilizolala usiku mmoja.
Papa mkavu usithubutu,
watagombana kinywani kama mawifi.
Ya zahanati: kisamvu cha karanga,
au usile kitu, kaa ndani
mvua ya kwanza ikipiga bati.
Panya wa kuchoma. Mama alipenda hivyo.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena.

Imebaki nafasi ile ya kwanza.
Akwilina anasema piga mstari, wataelewa.
Somoe anasema usiandike uongo,
karatasi ina kumbukumbu kuliko mtu.
Nje dereva anapiga honi, ana abiria wa Mahuta.

Naandika HAKUNA.
Na kwa kuwa nukta bado zilikuwa nyingi,
naongeza kwa herufi ndogo: bibo, bibo, bibo,
na mwishoni Anjelista Nampota,
ambaye chupa zake hazikuwahi kuwa na karatasi yoyote.

Somoe anaichukua fomu.
Anafumba macho, anainusa.
Hasemi kitu.
Anaikunja mara nne.